Milima ya Chini ya Bahari: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu yafuatayo yanahusu milima iliyosimama kwenye sakafu ya bahari: inavyozaliwa na kuzama, inavyogunduliwa, viumbe wanaoishi juu yake, na yale ambayo binadamu ameitendea. Msomaji ataona kwamba suala la muda linajirudia karibu katika kila jibu. Hilo ni kwa makusudi, kwa kuwa mlima wa baharini hauwezi kueleweka, wala uharibifu wake hauwezi kupimwa, bila kuhesabu miaka inayouhusu.

Mlima wa chini ya bahari ni upi hasa?

Ni mlima uliosimama juu ya sakafu ya bahari na ambao kilele chake hakifiki kwenye uso wa maji. Kwa desturi ya wanajiolojia, jina hilo hupewa mwinuko wenye kimo cha mita 1,000 au zaidi kutoka sakafuni, na miinuko mifupi kuliko hapo huhesabiwa kuwa vilima. Wataalamu wa viumbe vya baharini hawafungwi na kipimo hicho, kwa sababu hata mwinuko wa mita 100 unatosha kugeuza mkondo wa maji na kuyapa matumbawe mahali pa kushikilia. Kwa hiyo msomaji akikuta hesabu mbili zinazotofautiana sana kuhusu idadi ya milima hii, aangalie kwanza kila mwandishi ameanzia kimo gani.

Mingi kati yake ni volkano, ama zilizo hai ama zilizozimika zamani. Hata hivyo, iko michache ambayo haikutokana na volkano. Atlantis Bank, ulio katika Bahari ya Hindi kusini-mashariki ya Madagaska, ni kipande cha sehemu ya chini ya gandunia (tabaka gumu la nje la dunia) kilichoinuliwa na mipasuko ya miamba. Mwamba wake ni wa aina ya gabro, ambao kwa kawaida hugandia ndani kabisa, chini ya sakafu ya bahari. Kilele chake sasa kiko takribani mita 700 chini ya maji, ingawa zamani kiliwahi kuwa kisiwa.

Je, hii ndiyo ile safu ya milima inayopita katikati ya bahari?

La, ingawa vitu hivi viwili ni ndugu. Safu ya katikati ya bahari ni mwinuko mmoja unaoendelea kuzunguka dunia kwa urefu wa takribani kilomita 65,000, ukipita Atlantiki, Bahari ya Hindi na Pasifiki. Hakuna safu ya milima ya nchi kavu inayoukaribia kwa urefu. Upo mahali ambapo mabamba mawili ya gandunia, yaani vipande vyake vikubwa vinavyosogea polepole, yanaachana, na magma (mwamba ulioyeyuka) inapanda kujaza pengo. Milima ninayoizungumzia hapa, kwa upande mwingine, husimama mmojammoja au kwa misururu mifupi, ingawa mingi ilianza maisha yake karibu na safu hiyo.

Ugunduzi wa umbo la safu hiyo unastahili kuelezwa, kwa sababu unaonyesha jinsi ushahidi wa bahari kuu unavyopatikana kwa kazi ya mezani. Mwaka 1952 Marie Tharp, mchoraji ramani na mwanajiolojia wa Marekani, alikuwa akipanga kwenye karatasi vipimo vya kina cha Atlantiki vilivyoletwa na meli za utafiti, meli ambazo yeye mwenyewe hakuruhusiwa kuzipanda kwa kuwa ni mwanamke. Alipolinganisha michoro ya mikato ya bahari kutoka mashariki hadi magharibi, aliona kwamba juu ya mgongo wa safu kuna bonde lenye umbo la V linalojirudia katika kila mkato. Alitambua kwamba ni bonde la ufa, na kwamba sakafu ya bahari inapasuka na kuachana. Mwenzake Bruce Heezen alilikataa wazo hilo mwanzoni, akalikubali baada ya kuona kwamba vitovu vya matetemeko ya bahari vimejipanga sawasawa juu ya bonde hilo. Ramani yao ya sakafu ya bahari zote duniani ilitoka mwaka 1977, nami naiona kuwa miongoni mwa kazi kubwa kabisa za jiografia ya karne ya 20.

Milima hii inazaliwaje?

Njia zake ni tatu kuu. Ya kwanza ni pembezoni mwa safu ya katikati ya bahari, ambako gandunia ni changa na nyembamba, na magma hupata upenyo kirahisi. Hapo huzaliwa milima mingi iliyo midogo, kisha bamba huichukua na kuipeleka mbali na chanzo chake kwa mwendo wa sentimita chache kwa mwaka.

Njia ya pili ni pale ambapo bamba moja linazama chini ya jingine. Maji yaliyomo katika bamba linalozama hushusha kiwango cha joto ambacho mwamba wa juu yake huanza kuyeyuka, na magma inayopatikana hujenga msururu wa volkano uliopinda kama upinde. Baadhi yake hufika juu na kuwa visiwa, na nyingine hubaki chini ya maji. Misururu ya Tonga na ya Mariana ni ya namna hii.

Njia ya tatu ndiyo maarufu zaidi: joto linalopanda kutoka chini sana ya dunia mahali pamoja, huku bamba likiteleza juu yake. Mwanajiofizikia wa Kanada, J. Tuzo Wilson, alilipendekeza wazo hili mwaka 1963 alipotaka kueleza kwa nini visiwa vya Hawaii vinazidi kuzeeka kadiri mtu anavyoelekea kaskazini-magharibi. Msururu huo hauishii kwenye visiwa vinavyoonekana. Unaendelea chini ya maji kwa jumla ya takribani kilomita 6,000, ukiwa na volkano zaidi ya 80, hadi mlima Meiji karibu na Kamchatka, ambao una umri wa zaidi ya miaka milioni 80. Katikati ya msururu pana kona kali iliyopindika yapata miaka milioni 47 iliyopita. Katika mwisho wa pili, kusini-mashariki ya kisiwa kikubwa cha Hawaii, kuna mlima mchanga uitwao Kamaʻehuakanaloa, ambao hadi mwaka 2021 ulijulikana kwa jina la Lōʻihi. Kilele chake kiko chini ya maji kwa kiasi cha mita 975, na bado unakua.

Je, kuna mlima uliozaliwa wakati wetu?

Upo, na kisa chake kinafaa kujulikana zaidi ya kinavyojulikana sasa. Mwezi Mei 2018 wakazi wa Mayotte, kisiwa cha Ufaransa kilicho katika funguvisiwa la Komoro, walianza kutikiswa na matetemeko mfululizo, na moja lililopiga katikati ya mwezi huo lilikaribia ukubwa wa 6. Mnamo tarehe 11 Novemba mwaka huohuo vyombo vya kupimia matetemeko katika sehemu mbalimbali za dunia vilinasa mvumo wa ajabu, wa taratibu na usio na mishtuko, uliodumu kwa takribani dakika 20. Vipimo vya setilaiti vilionyesha kwamba kisiwa chenyewe kinasogea mashariki na kushuka, jambo lililomaanisha kwamba kitu kilicho chini yake kinatolewa na kupelekwa mahali pengine.

Meli ya utafiti ilipofika Mei 2019, ilikuta kilomita 50 hivi mashariki ya kisiwa volkano yenye kimo cha takribani mita 820, mahali ambapo ramani za awali zilionyesha sakafu tupu yenye kina cha karibu mita 3,500. Ikapewa jina Fani Maoré. Katika muda wa miaka michache ilimwaga zaidi ya kilomita 5 za ujazo za lava, na hakuna aliyeuona moshi wala moto wake.

Kwa nini mlipuko wa kina kirefu hauonekani juu?

Kwa sababu ya uzito wa maji. Katika kina cha mita 2,000 kila kitu kinabanwa na shinikizo la angahewa 200 hivi, na gesi zilizomo ndani ya magma, ambazo kwenye nchi kavu zingetanuka ghafla na kurusha majivu, hushindwa kutanuka. Lava hutoka taratibu, uso wake hugandishwa papo hapo na maji baridi, na matokeo yake ni marundo ya miamba ya mviringo iliyolaliana kama mito ya kitandani. Kadiri kilele kinavyokaribia uso wa maji ndivyo breki hiyo inavyolegea.

Je, milima hii ni hatari kwa watu?

Mingi sana si hatari, kwa kuwa imezimika au iko chini mno. Iliyo hatari ni ile ambayo kilele chake kiko karibu na uso wa maji, kwa kuwa hapo maji hugeuka mvuke kwa kishindo badala ya kuzuia mlipuko. Tarehe 24 Septemba 1952 meli ya Japani, Kaiyo Maru namba 5, iliyokuwa imekwenda kuichunguza volkano ya Myojin-sho kusini ya Tokyo, iliangamizwa na mlipuko pamoja na watu wote 31 waliokuwamo, wakiwemo wanasayansi.

Tarehe 15 Januari 2022 ililipuka Hunga Tonga–Hunga Haʻapai, volkano iliyosimama karibu mita 2,000 kutoka sakafu ya bahari huku sehemu yake ndogo tu ikitokeza juu ya maji. Wingu lake lilifika kilomita 57 angani, kimo ambacho hakikuwahi kupimwa kwa wingu lolote la volkano kabla ya hapo. Mawimbi ya tsunami yalipiga visiwa vya Tonga na kuvuka Pasifiki nzima, na waya wa mawasiliano uliolazwa sakafuni ukakatika, hivyo nchi ikabaki bila kiungo chake kikuu cha mtandao kwa takribani wiki tano. Kwa maoni yangu, funzo kubwa la siku ile ni kwamba sehemu inayoonekana ya volkano ya bahari haitoi kipimo cha nguvu zake.

Kwa nini baadhi ya milima ina vilele bapa?

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, Harry Hess, mwanajiolojia wa Chuo Kikuu cha Princeton aliyekuwa ofisa wa jeshi la majini la Marekani, aliacha kipimamwangwi cha meli yake kikifanya kazi katika safari zake za Pasifiki. Mwaka 1946 alichapisha matokeo: milima ipatayo 160 yenye vilele vilivyosawazika, iliyozama kwa mamia ya mita. Aliieleza kuwa ni visiwa vya kale vilivyozama, na katika hilo alikuwa sahihi, ingawa alikosea kuhusu umri wake.

Mpangilio wa mambo ni huu. Volkano hukua hadi kutokeza juu ya maji. Ikishazimika, mvua na mawimbi huanza kuila, na kwa kuwa mawimbi hukata kwenye usawa wa bahari, kilele huishia kuwa bapa. Wakati huohuo bamba lililoibeba linapoa, na mwamba unapopoa husinyaa na kuwa mzito zaidi. Sakafu changa iliyo karibu na safu ya katikati ina kina cha takribani mita 2,500, lakini ile iliyozeeka kwa zaidi ya miaka milioni 100 inaweza kupita mita 5,500. Mlima hauna budi kushuka pamoja na sakafu yake.

Katika maji ya joto hutokea jambo la kupendeza zaidi. Matumbawe yanayohitaji mwanga huota kuuzunguka mlima, na unapozama huendelea kujenga kwenda juu juu ya mifupa ya yale yaliyotangulia, mpaka kisiwa chenyewe kinapotea na kubaki pete ya matumbawe tu. Charles Darwin alilieleza jambo hili mwaka 1842 bila kuwa na chombo chochote cha kuchimba. Mwaka 1952 wachimbaji katika kisiwa cha pete cha Enewetak, Visiwa vya Marshall, walipenya zaidi ya mita 1,200 za chokaa ya matumbawe kabla ya kufikia mwamba wa volkano. Kukisia sawasawa jambo lililofichika chini kiasi hicho, kwa kutazama tu maumbo ya visiwa, ni kazi ya akili inayostahili heshima.

Je, mlima mrefu kuliko yote duniani unaanzia baharini?

Inategemea mahali unapoanzia kupima. Everest una mita 8,849 kutoka usawa wa bahari, na kwa kipimo hicho hauna mshindani. Mauna Kea wa Hawaii una mita 4,207 tu juu ya maji, lakini ukipimwa kutoka kitako chake kwenye sakafu ya bahari unazidi mita 10,000. Hata hivyo, Mauna Kea ni sehemu ya kisiwa, kwa hiyo hauingii katika milima inayozungumziwa hapa.

Iko mingapi?

Orodha ya mwaka 2011, iliyotengenezwa kutokana na data ya setilaiti, ilikuwa na milima 24,643. Mwaka 2023 watafiti walitangaza mingine 19,325, na baada ya kuunganisha orodha na kuondoa iliyokosewa, jumla ikawa 43,454. Hesabu hizi ni za milima iliyotambuliwa kutoka angani. Ni sehemu ndogo yake iliyopimwa kwa meli, na iliyotembelewa na nyambizi au kamera ni michache zaidi.

Setilaiti inawezaje kuona mlima ulio chini ya kilomita kadhaa za maji?

Haiuoni mlima, inauona uso wa bahari. Mlima ni lundo kubwa la mwamba, na mwamba ni mzito kuliko maji, hivyo huyavuta maji ya jirani kuelekea kwake kwa nguvu ya uvutano. Juu ya mlima wenye kimo cha mita 2,000 bahari hutuna kwa kiasi cha mita mbili, na tuta hilo limetandaa kwa makumi ya kilomita, kwa hiyo hakuna baharia anayeweza kulihisi. Setilaiti hupima umbali kati yake na maji kwa mawimbi ya redio, mara nyingi sana, hadi wastani unaposafisha mawimbi ya upepo na maji kupwa na kujaa, na kinachobaki ni umbo linalofuata milima ya chini. Walter Smith na David Sandwell walichapisha mwaka 1997 ramani ya bahari zote iliyopatikana kwa njia hii. Setilaiti ya SWOT, iliyorushwa Desemba 2022 kwa ushirikiano wa Marekani na Ufaransa, inapima ukanda mpana badala ya mstari mmoja, na imeanza kufichua hata vilima visivyofika mita 1,000.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba inatoa makadirio. Kwa kipimo cha hakika inabidi meli ipite juu ya mahali penyewe na kutuma sauti. Sauti husafiri majini kwa takribani mita 1,500 kwa sekunde, na muda wa mwangwi kurudi hutoa kina. Vyombo vya kisasa hutuma miale mingi kwa pamoja na kuchora ukanda mzima wa sakafu kwa safari moja. Mradi wa Seabed 2030, ulioanzishwa mwaka 2017 wakati asilimia 6 tu ya sakafu ya bahari ilikuwa imepimwa kwa kiwango cha kisasa, ulitangaza Juni 2025 kwamba umefikia asilimia 27.3.

Je, ni kweli kwamba nyambizi za kijeshi zimewahi kugonga milima hii?

Ni kweli. Tarehe 8 Januari 2005 nyambizi ya Marekani, USS San Francisco, ikienda kasi chini ya maji kusini-mashariki ya Guam, iligonga mlima ambao haukuonyeshwa kwenye chati iliyokuwa ikitumika. Baharia mmoja alifariki na wenzake 98 walijeruhiwa. Tarehe 2 Oktoba 2021 nyambizi nyingine ya nchi hiyo, USS Connecticut, iligonga mlima usiokuwa kwenye chati katika Bahari ya China Kusini. Meli za juu ya maji haziko katika hatari hiyo isipokuwa kwenye milima michache inayokaribia uso, kama Walters Shoal, kusini ya Madagaska, ambao kilele chake kiko chini ya maji kwa mita 18 hivi.

Kwa nini viumbe hukusanyika kwenye milima hii?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu jibu lake linaunganisha mwamba, maji na uhai. Sehemu kubwa ya sakafu ya bahari kuu ni matope laini. Matumbawe na sifongo haviwezi kujishikiza kwenye matope, bali huhitaji mwamba mtupu, na mlima unautoa kwa wingi, katika vina mbalimbali, kwenye miteremko ambayo mikondo huifagia isifunikwe na mashapo.

Mkondo unapogonga mlima hauna budi kuuzunguka au kuupanda. Unapoupanda huinua maji baridi yenye virutubisho kutoka chini, na mahali pengine maji hujizungusha juu ya kilele na kubaki hapo kwa muda, yakishika viluwiluwi na chembe za chakula ambazo zingepotelea mbali. Kuna pia mtego unaofanya kazi kila siku: wanyama wadogo wanaoelea hupanda karibu na uso usiku ili kula, mkondo huwasukuma hadi juu ya mlima, na kunapopambazuka wanapotaka kushuka kwenye giza la chini hukuta kilele kimewazuia njia. Samaki wanaokaa kwenye mlima huwangoja hapo. Jodari, papa na nyangumi wanaosafiri mbali nao hupita kwenye milima hii.

Viumbe wa hapo wana mwendo wa maisha ambao ni vigumu kuufikiria. Tumbawe jeusi la jenasi ya Leiopathes, lililochukuliwa katika maji ya kina ya Hawaii, lilipimwa na kukutwa na umri wa takribani miaka 4,265. Halihitaji mwanga wala mwani wa kuishi naye, bali hunasa chembe zinazopita, na hunenepa kwa kiasi kidogo mno kila mwaka.

Mfano mwingine ni wa karibu na mlima Davidson, mbele ya pwani ya California. Mwaka 2018, katika kina cha takribani mita 3,200, watafiti walikuta pweza jike kwa maelfu wakiwa wameatamia mayai kwenye nyufa zinazotoa maji ya uvuguvugu. Waliohesabiwa walipita 6,000, na makadirio ya eneo zima ni 20,000. Maji ya jirani yana nyuzijoto 1.6 za Selsiasi, baridi ambayo ingeyafanya mayai yachukue miaka mingi kuanguliwa. Kwenye nyufa hizo huanguliwa kwa muda usiofika miaka miwili. Volkano iliyozimika zamani bado inawapa akina mama hao joto la kulelea.

Uvuvi umeiathiri vipi?

Kwa ukali, na kwa haraka kuliko sayansi ilivyoweza kufuatilia. Mlima Vema, ulio katika Atlantiki takribani kilomita 1,000 kutoka Cape Town, uligunduliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na meli ya utafiti iliyoupa jina lake. Kilele chake kiko chini ya mita 30 za maji na kilikuwa na kamba wa miambani kwa wingi. Kabla ya miaka ya 1960 kwisha, wavuvi walikuwa wamewamaliza kamba hao kiasi kwamba safari za huko hazikuwa na faida tena.

Samaki mwekundu wa kina kirefu aitwaye kisayansi Hoplostethus atlanticus anaonyesha tatizo lenyewe. Hukusanyika kwa makundi makubwa juu ya milima wakati wa kuzaa, kwa hiyo juya moja la kukokota linaweza kutoa tani nyingi kwa dakika chache. Lakini huchelewa kukomaa hadi umri wa miaka 30 hivi, na anaweza kuishi zaidi ya miaka 100. Wavuvi wa New Zealand na Australia waliwafuata tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 na wale wa Namibia katika miaka ya 1990, na karibu kila mahali mavuno ya mwanzo yalipokuwa makubwa, anguko lilifuata. Hakukuwa na hila yoyote hapo: viwango vya uvuvi viliwekwa kana kwamba samaki huyo huzaliana kama samaki wa kawaida.

Juya lenyewe lina vyuma na magurudumu mazito yanayoburutwa sakafuni. Yakipita kwenye matumbawe hayachagui.

Kuna madini gani, na je, yanachimbwa?

Kwenye miamba isiyofunikwa na mashapo hujijenga utando mgumu wa chuma na manganizi, unaobeba pia kobalti, nikeli, platini na madini mengine adimu. Hutoka kwenye maji yenyewe ya bahari, ukikua kwa milimita chache tu kwa kila miaka milioni, na mahali pengine umefikia unene wa sentimita 25. Unaovutia zaidi kibiashara uko kwenye vilele na miteremko yenye kina cha kati ya mita 800 na 2,500, hasa katika Pasifiki ya magharibi, yaani hukohuko yanakoishi matumbawe.

Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari, yenye makao yake Kingston, Jamaika, ilipitisha mwaka 2012 kanuni za kutafuta madini ya aina hii, na imetoa mikataba ya utafutaji. Kanuni za uchimbaji zilikuwa hazijapitishwa hadi mwisho wa mwaka 2025. Ugumu wa kazi nao ni mkubwa: utando umeshikamana na mwamba kwenye mteremko mkali, na kuubandua ni kuchuna uso mzima wa mlima pamoja na kila kilichoota juu yake. Mimi ni mmoja wa wale wanaoona kwamba kazi hiyo isianze kabla milima inayolengwa haijachunguzwa mmojammoja.

Nani mwenye mamlaka juu ya milima hii?

Iliyo ndani ya maili 200 za baharini kutoka pwani iko chini ya nchi husika, kwa mujibu wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982. Mingi iko nje ya hapo. Mwaka 2006 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilizitaka nchi zilinde maeneo dhaifu ya bahari kuu dhidi ya uvuvi wa sakafuni, yakiwemo ya milima, na tangu hapo mashirika ya kikanda yamefunga baadhi yake. Vema ni mmojawapo. Mkataba mpya wa kulinda viumbe wa bahari kuu iliyo nje ya mipaka ya nchi ulipitishwa Juni 2023 na kuanza kutumika tarehe 17 Januari 2026, na kwa mara ya kwanza unatoa njia ya kutenga hifadhi huko.

Je, mlima wenyewe hufa?

Hufa. Bamba linalobeba mlima hatimaye hufika kwenye handaki ambako huzama chini ya bamba jingine. Daiichi-Kashima, ulio kwenye handaki la Japani, tayari umepasuka vipande viwili, na kimoja kimeshuka ndani zaidi kuliko kingine.

Mlima ulioharibiwa na majuya unaweza kurudia hali yake?

Ushahidi uliopo ni wa aina mbili. Mashariki ya New Zealand kuna kundi la milima midogo liitwalo Graveyard, ambako sehemu ilifungwa mwaka 2001. Watafiti waliirudia mara kadhaa hadi 2015, na katika miaka hiyo karibu 15 hawakuona dalili ya maana kwamba matumbawe yanarejea kwenye miamba iliyochunwa.

Kwa upande wa pili, utafiti uliochapishwa mwaka 2019 uliangalia milima ya msururu wa Hawaii na mwendelezo wake wa kaskazini uitwao Emperor, iliyovuliwa kwa nguvu tangu miaka ya 1960, na ambayo sehemu yake ilikuwa imelindwa kwa miaka 30 hadi 40. Kati ya vifusi, makovu ya majuya na zana zilizoachwa, kamera zilionyesha vipande vya matumbawe vilivyovunjika vikiwa vimeanza kuota upya, machipukizi machanga kwenye mwamba uliokwanguliwa, na hapa na pale makundi ya matumbawe makubwa yaliyonusurika kwa sababu mteremko wao ulikuwa mkali mno kwa juya kupita. Makundi hayo yaliyonusurika yanaweza kuwa chanzo cha mbegu kwa miteremko ya jirani, na ndiyo maana wataalamu wengi wanashauri kwamba hata mlima uliokwisha kuvuliwa ufungwe wote, pamoja na sehemu zake zinazoonekana kuwa zimekwisha.